Macho ya Watoto wa Shaba

Kila asubuhi kazi ya kwanza ya Mama Chuma ilikuwa kupika uji wa mbwa. Chai yake mwenyewe ilisubiri. Nyuma ya karakana ya mumewe kulikuwa na mabanda ya mabati, na mbwa walianza fujo mara tu waliposikia mfuniko wa sufuria.

"Tulieni nyinyi," aliwaambia. "Nani aliwanyima lini?"

Mumewe, Fundi, alichomelea mageti na madirisha. Kwa hiyo mbwa nao walipewa majina ya karakana. Jike aliitwa Shaba. Dume aliitwa Nati. Watoto wao walikuwa mbwa wa ulinzi, na mtaa mzima uliwasifia. Mama Chuma alivimba kichwa kidogo, tuseme ukweli. Mtu akiuliza kama mbwa wana ugonjwa wowote, alimtazama kuanzia juu mpaka chini.

"Watazame mwenyewe," alisema. "Hawa wanaonekana wagonjwa?"

Katika uzao wa kwanza, mtoto mzuri kuliko wote alikuwa Bolti. Huyo Mama Chuma alimpa mdogo wake wa kiume. Mdogo wake watu walimwita Mrefu, kwa sababu alikuwa mfupi. Mrefu alikuwa mlinzi wa yadi ya mbao. Wazazi wao walishafariki, wakabaki wao wawili tu. Kila Jumapili Mrefu alikuja kula kwa dada yake, na kila Jumapili alilalamika kwamba chumvi imezidi. Kisha aliomba aongezwe.

Jumapili moja hakuja. Mama Chuma na Fundi walimkuta hospitali, mkono umefungwa plasta mpaka begani.

"Nilisikia mtu nyuma ya yadi," Mrefu alieleza. "Jua lilikuwa limezama. Bolti akatoka mbio, nami nikamfuata. Akaenda moja kwa moja kwenye rundo la mbao. Hakukwepa, Dada. Alikwenda kama hakuna kitu mbele yake. Rundo lote likatuangukia."

"Hakuliona?"

"Haoni. Giza likiingia tu, haoni. Siku nyingi namwona anajikwaa, nikasema labda amechoka."

Hapa Mama Chuma angenyamaza tu. Angemshika mdogo wake mkono ule mzima, basi. Lakini sifa zilikuwa zimemkaa kichwani.

"Utakuwa umempiga," alisema. "Mbwa wangu hawana upofu. Baba yake anaona mpaka nzi. Wewe umempiga kichwani na rungu lako hilo."

Mrefu aliuvuta mkono wa plasta kifuani.

"Ulinipa mbwa mbovu, Dada," alisema taratibu. "Na mimi nilimwamini."

Akageukia ukutani. Mama Chuma akatoka na uso umemkauka.

Plasta ilipotolewa, mkono ulibaki umepinda kwenye kiwiko. Haukunyooka tena. Yadi ya mbao iliajiri mlinzi mwingine. Jumapili zikapita. Mama Chuma alipika, akapakua, na hakuna aliyelalamika chumvi. Fundi alimwambia mara nyingi aende kwa mdogo wake.

"Aje yeye," alijibu. "Mimi ndiye mkubwa."

Lakini usiku usingizi ulimpaa, na asubuhi hakuwa na hamu hata ya kuwagombeza mbwa.

Wakati huohuo Shaba alizaa tena, watoto watano, baba yao Nati. Watu wakaanza kuwaulizia kabla hata hawajafumbua macho. Na siku moja Fundi alirudi nyumbani na Bolti kwenye kamba.

"Shemeji hana kazi," alisema. "Hawezi kumlisha. Amesema tumchukue."

Mchana nje, Bolti alitembea vizuri. Kisha akaingia karakana, mahali penye kiza kidogo, akagonga geti lililosimamishwa katikati ya njia. Akarudi nyuma, akaligonga tena. Mama Chuma alisimama mlangoni, akaona kwa macho yake. Alichukua kamba akaenda naye kwa daktari wa mifugo.

Daktari alikuwa mwanamke mtaratibu, mwenye ofisi ndogo inayonuka dawa. Alifunga pazia, akawasha tochi, akayachungulia macho ya Bolti kwa muda mrefu.

"Alipigwa wapi?" aliuliza Mama Chuma. Bado alikuwa na tumaini.

"Hakupigwa, mama. Nyuma ya jicho kuna utando unaopokea mwanga. Wa huyu unakufa polepole. Huanza na giza. Mwisho hataona hata mchana."

"Dawa yake?"

"Hakuna. Nisikudanganye."

Mama Chuma akashika tama. "Ameambukizwa na mbwa gani?"

"Hakuambukizwa. Nadhani amezaliwa na kasoro hii, amerithi."

"Kwa nani? Mama yake anaona. Baba yake anaona."

Daktari akaketi karibu naye.

"Sikiliza. Kila mbwa ana vinasaba. Hivyo ndivyo vinavyouelekeza mwili ujengwe vipi. Hupata nusu kwa mama na nusu kwa baba. Kwa ugonjwa huu, mbwa ana kinasaba kimoja cha mama na kimoja cha baba. Kimoja kikiwa kibovu na kingine kizima, kile kizima kinatosha. Mbwa ataona vizuri maisha yake yote."

"Basi ana shida gani?"

"Yeye hana. Lakini anaweza kumpa mtoto wake kile kibovu. Tunamwita mbebaji. Wabebaji wawili wakizaa, mtoto wao anaweza kupata kibovu kwa mama na kibovu kwa baba. Huyo hana kizima cha kumsaidia. Huyo ndiye Bolti."

Mama Chuma alimvuta Bolti karibu. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa mbebaji nitamjuaje? Nikimtazama vizuri?"

"Utamtazama mpaka kesho, hutaona kitu. Ni kupima tu. Tunachukua sampuli mdomoni, tunaipeleka maabara. Haimuumizi mbwa. Tuwapime wote: Bolti, wazazi, na hao wachanga. Na usimtoe hata mmoja kabla ya majibu."

Wiki hiyo daktari alikuwa kwenye chanjo za mifugo, kwa hiyo alimpa vijiti vya pamba na bahasha za karatasi, akamfundisha. Kabla ya kuchukua sampuli, mbwa asile wala asinywe kwa muda wa saa mbili hivi. Pamba isiguswe na kidole. Kijiti kisuguliwe ndani ya shavu, kikauke kwa hewa, kisha kiingie kwenye bahasha yenye jina la mbwa huyo. Mfuko wa plastiki haufai, maana unyevu hukiozesha.

"Na wale wanaonyonya," daktari alisisitiza, "watenge na mama yao, na kila mmoja akae peke yake. Wasinyonye, wasilambwe. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Alielewa kweli. Lakini alipowatenga watoto wale, walilia kwa sauti ya kukata maini. Shaba naye akakwaruza mlango. Mama Chuma akavumilia kidogo tu, akashindwa. Akawarudisha. Wakanyonya, wakalambwa, wakatulia. Akamchukua mmoja mmoja, mdomo bado una maziwa, akasugua kijiti. Kazi ikaisha haraka, akajisifu.

"Uliwatenga?" daktari alimuuliza alipopokea bahasha.

"Niliwatenga," alisema Mama Chuma. Si uongo mtupu, lakini ulikuwa uongo.

Majibu yalichukua wiki kadhaa. Simu ilipolia, Mama Chuma alikuwa anaosha sufuria.

"Shaba ni mbebaji," alisema daktari. "Nati ni mbebaji. Bolti amepata kibovu pande zote mbili. Hakupigwa na mtu yeyote, mama."

Mama Chuma akakaa chini palepale kwenye sakafu yenye maji.

"Na watoto?"

"Hawakusomeka. Maabara imekuta mbwa wawili kwenye kijiti kimoja. Kuna mtoto, na kuna mama. Uliwatenga kweli?"

Mama Chuma alifuta mikono kwenye gauni.

"Walilia, daktari," alisema mwishowe.

"Wacha walie kidogo. Mtoto akinyonya na kulambwa, chembe za mama zinabaki mdomoni mwake. Maabara haijui ipi ni ya nani. Tungeweza kupata jibu la uongo, na wewe ungemtoa mbwa ukiamini ni mzima. Ndivyo ungempa mtu Bolti mwingine."

Maneno hayo yalimchoma. Siku iliyofuata daktari alimletea vijiti vipya. Mama Chuma alimtaka Fundi amtoe Shaba, ampeleke mbali asisikike. Kila mtoto akamweka kwenye boksi lake. Wakaanza kulia. Safari hii Mama Chuma hakuinuka. Alikaa kwenye kigoda katikati ya kilio kile, akamkumbuka Mrefu alivyogeukia ukutani. Machozi yakamtoka, akalia nao. Muda ulipotimia alinawa mikono, akamshika wa kwanza, akaingiza kijiti kati ya shavu na fizi, akasugua akikizungusha taratibu. Akakiacha kikauke. Akanawa tena kabla ya kumshika wa pili. Mpaka wa tano.

Jioni ile alikwenda kwa Mrefu. Chumba chake kilikuwa na kitanda, jiko na kiti kimoja. Mrefu alimpa dada yake kiti.

"Bolti hukumpiga," alisema Mama Chuma. "Amerithi kwa Shaba na Nati. Ulisema nimekupa mbwa mbovu, na ni kweli. Nimekukosea, mdogo wangu. Nimekusingizia ukiwa umelazwa."

Mrefu alijaribu kukunjua mkono wake, kama alivyofanya kila wakati.

"Huu haurudi, Dada."

"Najua."

"Na kazi hairudi."

"Najua."

Hakusema amemsamehe. Lakini alichemsha chai, wakanywa pamoja.

Mama Chuma hakuishia hapo. Alizunguka kwa wote waliochukua ndugu za Bolti. Ilikuwa kazi chungu. Mwenye duka mmoja alisema wa kwake alianza kugonga viti na kuogopa giza, wakadhani ana kichaa, wakamuua. Mwingine alisikiliza kila kitu, kisha akamfungia mlango. Mama Chuma aliwaambia wote wawapime mbwa wao kabla ya kuwazalisha. Nati alihasiwa. Shaba naye alipangiwa kufungwa kizazi mara tu watoto watakapoacha kunyonya.

Majibu ya pili yalikuwa hayajafika pale mwenye ghala mmoja, aliyetaka mbwa wa ulinzi, alipokuja na mnyororo mkononi. Siku hiyo Mrefu alikuwapo. Alikuja kumtazama Bolti, akakaa naye kwenye kivuli cha karakana bila kuzungumza sana na mtu.

Mwenye ghala alimnyanyua mtoto mkubwa kuliko wote, mwenye kifua kipana.

"Huyu ndiye wangu," alisema, akamfunga mnyororo.

"Subiri kidogo, bwana," alisema Mama Chuma. "Tumewapima vinasaba. Majibu bado."

"Vinasaba vya mbwa? Mama Chuma, acha utani. Mbwa huyu ana kasoro gani? Mtazame mwenyewe."

Maneno yale Mama Chuma aliyajua vizuri mno.

"Kama hutaki kunipa, nitakwenda kwingine," mwenye ghala aliendelea. "Mbwa wamejaa mjini."

Mrefu akainuka. Akaja mpaka mbele ya yule bwana, akapandisha mkono wa shati.

"Nami nilichukua mbwa mzuri hapa," alisema. "Alikuwa na kifua kama cha huyo. Baba huyuhuyo, mama huyuhuyo. Mkono huu ndio mwisho wake wa kukunjuka, na mbwa mwenyewe yule pale, anagonga ukuta. Wewe ngoja."

Mwenye ghala aliutazama mkono, akamtazama Bolti. Akafungua mnyororo.

Siku chache baadaye majibu yakaja. Mtoto mmoja alikuwa mzima kabisa, hana kinasaba kibovu hata kimoja. Watatu walikuwa wabebaji. Watalinda na wataona, alisema daktari, lakini wasizalishwe ovyo. Na mmoja atapofuka. Mama Chuma alimpigia mwenye ghala.

"Yule uliyemshika ndiye."

"Nilikuwa nimeshamfunga mnyororo," alisema mwenye ghala. Akachukua mmoja wa wale wabebaji, naye akakubali kumhasi.

Yule mkubwa alibaki nyumbani. Alikua vizuri, na kidogokidogo akaanza kugonga vitu jioni. Hilo halikuwa na dawa, na kila alipomwona Mama Chuma aliumia. Lakini hakuna mtu aliyemfuata gizani akimwamini. Yule mzima, jike, alipokomaa, Mama Chuma alimtafutia dume aliyepimwa na kukutwa mzima. Kipimo kile hakitafuti magonjwa yote, daktari alimkumbusha, lakini kwa upofu ule alikuwa na uhakika. Watoto waliozaliwa walikuwa wazima wote. Kila aliyekuja kuwachukua alielezwa wazazi walivyopimwa, atake asitake.

Mrefu ndiye aliyewaeleza, maana alikuwa ameanza tena kuja kila Jumapili. Siku mtoto wa mwisho alipochukuliwa, alifunga geti kwa mkono wake mzima, akabaki amesimama hapo.

"Dada," alisema. "Na mimi ungeniambia ningoje, ningengoja."

"Ungengoja?"

"Ningengoja."

"Najua, mdogo wangu," alisema Mama Chuma, akaenda kumpakulia chakula.