Mkono wa Nassibu na Nyaya za Kichwani

Mwanangu Nassibu ni fundi cherehani. Kibaraza chake kiko Tandale, jirani na mashine ya kusaga unga. Mwaka ule wa tisini na nne alianguka kutoka juu ya lori la mitumba. Aliumia shingo na bega. Mkono wa kulia ukafa ganzi. Hata sindano hakuweza kushika.

Mkewe, Farida, akasema, "Tuuze cherehani. Siku hizi watu wanavaa mitumba. Na Sadallah, yule anayenunua vitu vikuukuu, anaitaka."

"Nikiiuza, halafu mkono ukapona?" Nassibu akauliza.

"Na usipopona?"

Mie nilikaa katikati yao. Sikujua nishike la nani.

Hospitalini kulikuwa na watafiti waliopima watu wenye ganzi. Jirani yetu Anastasia alifanya kazi nao. Walimweleza Nassibu kipimo chao, wakamuuliza kama anakubali. Akakubali.

Siku ya kwenda, Farida alimpaka mafuta ya nazi kuanzia utosini hadi vidoleni. Kwetu mtu haendi kwa daktari amepauka. Watu watasema hana mke.

Jioni Nassibu alirudi, akaketi barazani.

"Wamenitia umeme mdogo mkononi," akasema. "Wakanibandika nyaya kichwani. Wanasema kichwa hakikujibu."

"Basi Sadallah aje Ijumaa," Farida akasema.

Sikuelewa. Kichwa cha mwanangu kinajibu sana, hata kisipoulizwa. Nikamchukua Nassibu, tukaenda kwa Anastasia. Tulimkuta anachagua mchele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hebu nieleze. Mnamtia mtu umeme, halafu mnampima umeme. Si mnaupima umeme wenu wenyewe?"

Anastasia akaweka ungo chini. "Bibi, hilo ndilo linalotusumbua. Ubongo una umeme wake, mdogo sana. Tukigusa mkono kwa umeme wetu, habari inapanda kwenye mshipa wa fahamu. Nyaya za kichwani zinasikiliza kama imefika. Lakini umeme wetu nao una kelele. Redio yenu inakuwaje mashine ya unga ikiwashwa?"

"Inakwaruza tu. Husikii hata taarifa ya habari."

"Sasa ukisikia mkwaruzo, unaweza kusema mtangazaji hayupo?"

"Siwezi. Mbona nyie mmesema?"

Anastasia akautazama ungo wake. "Tuliharakisha. Alikuja amepakwa mafuta?"

"Tele."

"Mafuta yanazuia nyaya kushika ngozi vizuri. Hatukuuliza. Tena kila mmoja wetu anabandika pale anapoona panafaa."

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa zaidi. Lakini Nassibu alicheka, mara ya kwanza tangu aanguke.

"Sista, hata sie mafundi tunakubaliana pa kuanzia futi. Huyu akipima kiunoni, yule kitovuni, hiyo suruali ataivaa nani?"

Anastasia alimfikishia maneno hayo mkubwa wake, Daktari Revelian. Naye akasema kipimo kirudiwe, na kuanzia sasa wote wapimwe kwa utaratibu mmoja.

Ijumaa Sadallah alikuja na mkokoteni. Nassibu akaketi juu ya meza ya cherehani. "Subiri majibu," akamwambia. Sadallah akaondoka na mkokoteni mtupu. Farida alimnunia mumewe siku nzima.

Siku ya kipimo Farida alimwosha kwa sabuni, bila mafuta. "Amepauka kama ukuta wa chokaa," alinung'unika. "Watanicheka mimi." Tukaenda wote.

Anastasia alimpima kichwa kwa futi, akaweka alama. Akasafisha ngozi. Kwanza walisikiliza ubongo bila kuwasha umeme wao. Kisha wakauwasha, wakarudia na kurudia. Halafu wakautoa waya mkononi, mashine ikiwa bado inafanya kazi, ili waijue kelele yake peke yake. Kila kitu kiliandikwa: nyaya ziko wapi, umeme una nguvu gani, Nassibu amelala vipi, amekunywa nini.

"Chai nayo ina umeme?" nikauliza.

"Haina, bibi. Lakini inaweza kumchangamsha mtu. Na tusipoandika, mwenzetu wa hospitali nyingine hawezi kurudia tulichofanya. Jambo lisilorudiwa hatuna hakika nalo."

Daktari Revelian akatuonyesha karatasi. Palikuwa na mstari, na kwenye mstari kilima kidogo. Kila waliporudia, kilima kilitokea palepale. Mkono ulipoachwa bila waya, hakikuonekana.

"Hili ndilo jibu la ubongo," akasema. "Ni dogo, lakini lipo. Njia haijakatika yote. Siwaahidi kitu. Afanye mazoezi, tutampima tena kwa njia hii hii."

Nassibu akamgeukia mkewe. "Sasa nipake."

Kumbe chupa ya mafuta ilikuwa kwenye kikapu cha Farida muda wote.

Mpaka leo sijui vizuri kilima cha kwenye karatasi kinahusikaje na mkono wa mtu. Lakini masika ilipokwisha, cherehani ilikuwa bado barazani. Nassibu alikuwa anasukuma kitambaa kwa mkono wa kulia, polepole. Ghafla akasimamisha gurudumu. Akakitazama kidole chake.

"Mama, sindano imenichoma."

Farida akatoka ndani mbio. "Umeumia?"

"Nimeumia," akasema, huku anatabasamu. "Nimeumia kabisa."