Sauti Ndani ya Pikapu ya Mzee

Uchochoro wa vipuri siku zile ulikuwa na kelele za kuamsha injini zilizokufa. Wauzaji waliita, nyundo zilijibizana juu ya mabati, na katikati ya msukosuko huo msichana wa gauni la kijani alipita kibanda hadi kibanda, amekumbatia spika kuukuu iliyochanika. Alikuwa mshona mapazia. Uzi mweupe ulikuwa bado umemganda begani.

"Dada, hiyo spika unaiuguza au unaenda kuizika?"

Aliyeuliza alikuwa fundi wa redio za magari, kijana mrefu aliyevaa shati lililopigwa pasi kuliko mahali pale palivyostahili. Mtaa mzima ulimwita Waya.

"Natafuta mwenzake," akajibu bila kusimama.

"Mwenzake alishastaafu."

"Basi nitafutie mjukuu wake, wewe mwenye mdomo."

Waya akacheka, akaipokea spika na kuipuliza vumbi. "Gari gani?"

"Pikapu ya baba. Imenizidi umri."

Akamweleza palepale, wapita njia wakiwapiga vikumbo. Baba yake alisambaza fanicha kwa pikapu ile maisha yake yote. Kila Jumamosi, kazi ikiisha, walijibana watatu kwenye kiti cha mbele kusikiliza kipindi cha nyimbo za zamani. Mama aliimba akimfuata mwimbaji, nusu mstari amechelewa, na baba hakuthubutu kumcheka. Sasa mama hayupo. Mzee bado huingia garini kila Jumamosi, amefunga vioo, redio ameifungulia hadi mwisho, na bado anaiinamia.

"Anasema redio imezeeka," msichana alisema. "Mimi najua ni masikio. Sijaweza kumwambia. Nataka tu amsikie mwimbaji, basi."

"Niachie mimi," Waya alisema, na akamaanisha.

Pikapu ilikaa gereji wiki mbili. Simu haikukaa hata siku moja.

"Halo, mgonjwa anaendeleaje?" msichana aliuliza, cherehani ikinguruma pembeni.

"Yupi, pikapu au mimi?"

"Wewe unaumwa nini?"

"Kila nikikaza skrubu naona gauni la kijani."

"Kaza skrubu, kaka. Gauni lina mwenyewe."

"Ndiye huyo mwenyewe ninayemtafuta."

Alikata simu huku anacheka, akashona pindo la pazia upande usio wake. Wiki ya pili ilipoisha, lile neno "kaka" lilikuwa limekufa kifo cha kawaida, na mahali pake pameingia "mpenzi".

Jumamosi ikafika. Waya aliirudisha pikapu ikiwa imeoshwa, amechomeka shati, kifua mbele. Nyuma ya kiti alikuwa ameficha boksi la besi, na chini yake amplifaya mpya ya kukuza sauti. Mzee alipanda, akavua kofia, akafunga mlango taratibu kama alivyozoea. Waya akawasha.

Vioo vikatetemeka. Bati la jirani likaitikia. Mzee aliiinamia redio. Akasogeza sikio la kulia, kisha la kushoto. Mwisho akazima mwenyewe, akashuka.

"Ahsante, kijana. Mashine nzuri." Kisha akamgeukia binti yake, sauti imeshuka. "Mwanangu, kumbe redio haikuwa na kosa. Ni mimi. Gari hili liuzwe tu."

Akaingia ndani. Kofia aliisahau juu ya usukani.

"Umefanya nini?" msichana akauliza.

"Nimeweka yenye nguvu kuliko zote, mpenzi, ili—"

"Nguvu! Nilikwambia amsikie mwimbaji, wewe umemtikisa mifupa! Umemwonyesha kwamba amekwisha. Nenda. Na usiniite mpenzi."

Waya alipiga simu Jumapili, haikupokewa. Jumatatu pia. Msichana aliilaza simu yake kifudifudi kando ya mkasi, akaisikiliza ikitetemeka mpaka ikanyamaza.

Gerejini, Waya alikaa na boksi tupu la amplifaya mapajani. Mafundi wa uchochoro ule walipima muziki kwa kiganja: unaweka mkono mlangoni, mlango ukitetemeka, kazi imekwisha. Alikuwa ameipima pikapu ya mzee kwa kiganja chake mwenyewe. Besi ilikuwa imemfunika mwimbaji, na mtu mwenye masikio hafifu angemfukua kwa sikio lipi?

Jumatano asubuhi, msichana akiwa kazini, Waya alibisha hodi kwa mzee na bisibisi mkononi.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kuazima masikio yako."

"Marahaba. Yaliyobaki?"

"Hayo hayo."

Boksi la besi likatoka. Spika zilizokuwa chini ya milango, zikiyaimbia magoti, akazipandisha karibu na uso wa dereva. Mzee alikaa kwenye usukani akiinua mkono sauti ya mwimbaji ilipojitokeza, akiushusha ilipozama, na Waya akirekebisha kidogo kidogo. Asubuhi tatu walifanya hivyo. Katikati ya kazi mzee alisimulia habari za marehemu mkewe, na mara moja akasema, bila kuulizwa, "Ukimpigia binti yangu simu hukunja uso. Halafu huitazama simu dakika tano."

Jumamosi msichana alirudi kutoka kupeleka oda, pazia moja la ziada mikononi. Langoni akasimama. Hakuna kilichotetemeka. Baba yake alikuwa ndani ya pikapu, akigombana na mtangazaji.

"Mwongo mkubwa wewe! Wimbo huu tuliucheza kabla hatujaoana!"

Alikuwa anasikia kila neno. Msichana akafuta macho kwa pazia la mteja.

Waya, aliyesimama kwenye dirisha la pikapu, hakumwona. Alikuwa akijikaza. "Mzee, nina jambo."

Mzee akazima redio, wimbo ukiwa katikati. "Sema. Tena kwa sauti, unanijua."

"Nataka kumwoa binti yako."

"Nini?"

"NATAKA KUMWOA BINTI YAKO!"

Ng'ambo ya barabara, mama aliyekuwa akianika nguo alibaki na shuka hewani.

"Sasa mbona unanipigia kelele mimi?" mzee akasema. "Mwenyewe yuko nyuma yako."

Waya akageuka. Shati lake siku hiyo halikuwa limeona pasi.

"Kumbe unakuja kwetu kimyakimya?" msichana akauliza.

"Simu hukupokea."

"Ungeendelea kupiga."

"Ningempigia nani, na mimi nilikuwa hapa nikikaza skrubu?"

Midomo ya msichana ilikataa kununa. Akasema neno moja, chini kabisa, na wakati huohuo lori likapita likipiga honi. Akajificha uso kwenye pazia.

"Umesemaje?" Waya akauliza, kisha akamgeukia mzee, jasho likimtoka. "Amesemaje?"

Kwa miaka kadhaa mzee alikuwa akisoma midomo ya binti yake bila kumwambia mtu. Akawasha redio.

"Amekubali," alisema. "Kapime masikio, kijana."