Fahali wa Marete

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Machi 1981, fahali wa Marete alikutwa amekufa ndani ya ua wa karantini, Burat. Mdomo ulinuka dawa ya josho ya kuua kupe. Kando yake palikuwa na ndoo yenye chumvi kidogo iliyonuka vilevile. Ardhi haikuwa na dalili yoyote ya purukushani.

Koplo Akal alipoingia, lango lilifungwa nyuma yake. Kwa sababu ya ugonjwa wa miguu na midomo, aliyekanyaga humo hatoki mpaka daktari wa mifugo aje saa nne. Ndani, pamoja na mifugo, walikuwa wamelala watu watatu tu: Marete mwenyewe, Gaceri wa kuhesabu mifugo, na mchungaji Wako, ambaye Marete alikwisha kumfunga kamba mikononi.

"Ni huyu!" Marete alifoka. "Tangu nilete fahali huyu wa kigeni, Sahiwali, anasema nitawamalizia mifugo."

"Nilisema," Wako akajibu. "Lakini kuua sikuua, afande."

Akal aliona jeraha bichi pajani mwa Wako. "Hii nini?"

"Pembe ya huyo huyo. Juzi nilimpelekea maji."

"Wewe, Gaceri?"

"Mimi hata karibu naye sisogei. Anamkubali Marete peke yake."

Akal aliitazama ile ndoo. Kisha akaomba daftari la Gaceri. Mwaka wa 1978, kabla ya Sahiwali, maboma kumi yalipata ndama mia moja na arobaini. Mwaka jana, thelathini na mmoja.

"Wekundu kama fahali huyu ni wangapi?"

Gaceri alichukua daftari lake, akapekua kurasa. "Hakuna. Wote weupe, wa Kiborana, ng'ombe wetu wa kienyeji. Ndiyo maana nilimwita daktari aje ampime leo."

"Marete alijua?"

"Nilimwambia jana jioni."

Akal alimgeukia Marete. "Fahali mkali hivi, nani angemshikia ndoo akalamba mpaka mwisho?"

Marete alitazama lango, kisha ua. Hapakuwa na pa kwenda.

"Niliwashauri wafugaji wahasi mafahali wao," alisema kwa sauti ndogo. "Kila mtu alitaka Sahiwali, wakubwa wa nyama. Wakahasi wote. Huyu angepimwa akaonekana tasa, wangenichinja. Nikafikiri, ikionekana Wako ndiye kamuua, hakuna atakayeuliza."

"Kwamba ni tasa, ulijua lini?"

"Mwaka wa pili tangu nimlete."

Akal alimfungua Wako, pingu akazitia mikononi mwa Marete. Wako alisugua mikono yake, akamwendea Gaceri.

"Dada, kule Kinna bado kuna mafahali wa Kiborana?"

"Wapo. Wachache."

"Na hii karantini inaisha lini?"

Gaceri alilifunga daftari. "Hawajasema, Wako."

Wako akachuchumaa katikati ya ng'ombe wake majike, akaanza kuwahesabu wenye mimba. Hesabu haikufika mbali; walikuwa wachache mno.