Mbu Waliowaka Mngeta

Stendi ya Ifakara mchana haina adabu: bajaji zinakupigia honi mgongoni, magunia ya mchele yanakupita kichwani. Hapo ndipo Balbina, gauni la njano limemkaa sawasawa, alipomkuta kijana anapakia deli lake, lile ndoo la plastiki lenye mfuniko, kwenye basi la Mngeta.

"Kaka, shusha hilo."

"Samahani, dada, nilidhani langu. Samaki wa wapi hawa?"

"Ni mbu."

Kijana, Gasper jina lake, akacheka mpaka basi likamwacha. Mkulima wa mpunga, mabega mapana, shati limenyooka kwa pasi. Hapo mtu ajitetee nini? Wakapeana namba.

Balbina alikuwa mtafiti. Mbu aliwapaka unga wa chembe ndogo kupita vumbi, salfaidi ya zinki iliyotiwa manganizi kiduchu. Kwa macho ni unga mweupe tu. Ukiumulika kwa taa ya urujuanimno, unawaka rangi ya chungwa. Aliwaachia Ifakara, kisha akatafuta wamefika wapi. Gasper akajitolea mtego uwekwe chumbani kwake Mngeta.

"Mbu wako wakija, mpenzi, nitawakaribisha chai."

Wakaja kweli. Balbina alipowasha taa, mbu wa Mngeta wakawaka. Mbu haruki mbali hivyo, mwendo mzima wa basi, jamani. Ofisini wakasema amepika majibu, wakamsimamisha kazi.

Akapiga simu. "Gasper, uliiba unga wangu?"

"Sijaugusa hata siku moja, mama."

"Usinifanye mjinga."

Akakata. Masika yote wakanuniana. Balbina alikuwa akiitazama ile namba, anatamani kupiga, kiburi kinamshika mkono. Alimpenda yule mtu, tusidanganyane.

Mvua zilipokatika, Gasper akapiga mwenyewe.

"Nimewaza sana. Huo unga unaweza kushika kwenye nguo?"

"Nguo gani?"

"Kitenge chako. Ulikisahau ulipokuja Krismasi. Kipo kitandani, kando ya mtego."

"Kile ninachojifunga kazini? Mbu wa hukohuko wanatua hapo, wanajipaka unga, Gasper! Mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Mwanaume mzima, nalala nimekumbatia kitenge."

Machozi yakamtoka Balbina. "Itabidi uyaseme hayo mbele ya bosi."

Kesho yake Gasper akaja, akayasema yote mbele ya ofisi nzima, jasho likimtiririka. Bosi akamulika kitenge. Kikawaka chungwa pindo hadi pindo.

"Balbina, rudi kazini," bosi akasema. "Kitenge kinabaki hapa, ni ushahidi."

Gasper akashtuka. "Sasa mimi nitalala na nini?"

Ofisi ikaangua kicheko. Balbina hakucheka.

"Na mimi," akasema. "Ila kwanza kamwone baba."