Kipande cha Mia Mbili na Kumi na Tano

Ilikuwa Jumatatu, tarehe tisa, saa tisa na dakika kumi alasiri, Daftari alipohesabu vyuma vya pikipiki ya marehemu kaka yake na kukuta kimezidi kimoja.

Alihesabu tena. Vyuma vilikuwa ndani ya makopo kumi na nane ya maziwa ya unga, yamepangwa kando ya ukuta wa baraza ya nyuma. Kila kopo lilikuwa na namba, na kila namba ilikuwa na ukurasa wake. Ndiyo maana mumewe alimwita Daftari, na jina likamganda hata shuleni alikotunza maabara. Siku pikipiki ilipofunguliwa aliandika vipande mia mbili na kumi na vinne. Sasa kopo la tisa, la gurudumu la mbele, lilikuwa na pini ambayo hakuiandika: kichuma chembamba chenye miguu miwili, cha kupenyezwa kwenye tundu la ekseli na kukunjwa ncha ili nati isijifungue gurudumu likizunguka. Miguu ilikuwa imenyooshwa. Pini ilikuwa imelowa, na ilinukia sabuni ya mche.

"Fundi," aliita. "Hii umeiweka wewe?"

Mumewe alikuwa amechuchumaa uani akipiga tangi msasa. Aliinua macho. Mkono wenye msasa ukasimama.

"Vyuma vya zamani havikosi ziada," alisema. "Kila fundi hubakiwa na kitu kwenye sinia. Asiyebakiwa ni muongo."

"Hubakiwa akishafunga. Sisi hatujafunga hata nati moja."

"Wewe ungeolewa na karani." Aliichukua pini, akaelekea kwenye choo cha shimo nyuma ya nyumba, kile walichokitumia maji yakikatika. Daftari alisikia mfuniko ukiburutwa, ukirudishwa. Fundi alirudi akijifuta mikono kwenye suruali, na hadi usiku hakusema mzaha mwingine.

Pikipiki ile ilikuwa imelala miaka mitatu chini ya turubai kwa baba yake Daftari. Kaka yake, aliyekuwa dereva wa bodaboda, watu walimwita Kobe, kwa mwendo wake. Abiria walimtania kwamba ukitaka kufika kazini leo, kwa Kobe panda jana. Kabla ya kuondoka alikuwa na desturi ya kugonga tangi mara mbili kwa vidole, kama mgeni anayebisha hodi. Akaja kufa kwenye mteremko wa machimbo ya mawe, gurudumu la mbele likiwa limechomoka na kuviringika hadi bondeni. Fundi, rafiki yake na mtengenezaji wa pikipiki yake, ndiye aliyefika wa kwanza. Ndiye aliyesema Kobe alikuwa anakimbiza, akagonga jiwe, gurudumu likang'oka. Nani angebishana na fundi? Msibani alilia kuliko wafiwa, na baada ya miezi saba wafiwa wakampa binti yao.

Mwaka huu Daftari alitaka kuifufua pikipiki ili aiendeshe kwenda kazini. Fundi alikataa katakata: chuma cha maiti hicho, kiache. Lakini baba mkwe aliposema basi ataipeleka kwa fundi mwingine, alibadilika palepale. "Hapana, mzee. Mkono wa mwingine usiiguse." Familia nzima iliona mapenzi.

Jumanne, saa tisa na dakika kumi, Daftari alikuwa jikoni akiosha vyombo aliposikia tangi likigongwa. Ko, ko. Alichungulia dirishani. Tangi lilikuwa limening'inizwa kwenye waya wa kuanikia nguo, rangi yake bado mbichi, na uani hapakuwa na mtu. Alitoka, akaenda moja kwa moja kwenye kopo la tisa. Pini ilikuwa humo, imelowa, safi, inanukia sabuni. Kobe alikuwa akiosha kila kitu kwa sabuni ya mche, hata nywele zake.

Safari hii hakumwita mumewe. Alilirudisha kopo mahali pake, pini ikiwa humo, akaandika: 215.

Baada ya hapo kazi ilianza kumkataa Fundi. Alifunga kabureta ikafurika. Akaifungua, akaisafisha, ikafurika tena. Alinyoosha spoki za gurudumu la mbele asubuhi, jioni zikawa zimelegea moja baada ya moja, kwa mpangilio, kama meno ya mzee. Alikaza nati ya ekseli, akatia pini mpya kutoka dukani na kuikunja. Baada ya chakula walikuta nati imerudi nyuma mizunguko mitatu, na ile pini mpya iko sakafuni, miguu imenyooshwa.

Alhamisi alipojaribu injini, kiki ilirudi kwa nguvu ikampiga ugoko wa kushoto hadi mfupa ukaonekana. "Ajali kazini," alisema huku akifungwa kitambaa. Jumatatu iliyofuata cheni ilimvuta vidole vitatu vya mkono wa kulia. Siku tatu baadaye waya wa klachi ulikatika ukiwa mikononi mwake, ncha ikaruka ikampasua juu ya jicho la kushoto. Daftari aliyekuwa ameshika upande wa pili wa waya huohuo hakupata hata mkwaruzo. Mara zote tatu ilikuwa alasiri, saa ile ile.

"Mnajenga pikipiki au mnajenga jeneza?" aliuliza Mama Mapacha, jirani, akiwa ameegemea ukuta wa uani. "Mumeo kila siku anapungua kipande."

Daftari alicheka kidogo, kwa adabu. Kisha neno lile kipande likamkumbusha karatasi aliyoisoma mara moja tu katika maisha yake na kuificha chini ya nguo zake za msiba. Akaingia chumbani, akafungua sanduku, akaitoa karatasi ya hospitali ya kaka yake na kuisoma akiwa amesimama, kidole kikifuata mstari kwa mstari, ugoko wa kushoto umevunjika, vidole vitatu vya mkono wa kulia vimesagika, jeraha juu ya jicho la kushoto, hadi kidole kikafika mstari wa nne, ambao ndio wa mwisho, uliokuwa na neno moja tu. Shingo.

Alikaa kitandani. Huko uani mumewe alikuwa akipiga mluzi na kukaza kitu.

Mama Mapacha ndiye aliyemleta mganga, Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Mganga alikuwa bibi mmoja, fundi cherehani mstaafu, tepu ya kupimia bado shingoni, macho makali nyuma ya miwani iliyofungwa uzi. Hakuja na chetezo wala kitabu. Aliomba kiti, akakaa mbele ya pikipiki, ambayo sasa ilikuwa imesimama kamili isipokuwa gurudumu la mbele lililokataa kutulia.

"Mmeona nini?" aliuliza.

Daftari alimsomea daftari, tarehe na saa. Fundi alisimama mlangoni, jicho moja limefungwa bandeji.

"Bibi, hili ni jini la barabarani," Fundi alisema. "Lifukuze tu, tutakushukuru."

"Nimefukuza majini tangu mama yako hajaolewa," mganga alisema taratibu. "Jini akiingia nyumba ya watu huomba. Ataomba manukato, ataomba nguo, ataomba mtu. Huyu ameomba nini?"

Mganga alinyoosha kidole kwenye kopo la tisa.

"Huyu haombi. Huyu anarudisha. Mnakitupa, anakileta. Amekiosha kabisa, ili mkitambue." Alimgeukia Fundi. "Baba, hiki kichuma ni cha nani?"

Ilikuwa saa tisa na dakika kumi. Daftari alijua kabla ya kutazama saa, kwa sababu harufu ya sabuni ilipita barazani nzito kama nguo mbichi, na makopo yote kumi na nane yakaanza kutetemeka pamoja, yakilia, ingawa karibu yote yalikuwa matupu sasa, kwa sauti ndogo ya meno yanayogongana, na gurudumu la mbele, ambalo hakuna aliyeligusa, likaanza kuzunguka, polepole kwanza, mwendo wa Kobe mwenyewe, kisha kwa kasi ambayo Kobe hakuwahi kwenda nayo akiwa hai, na nati ya ekseli ikawa inajifungua mbele ya macho yao, mzunguko kwa mzunguko, hadi ikadondoka, ikaviringika sakafuni, ikapita miguu ya mganga, ikapita miguu ya Daftari, na kusimama kwenye ncha ya kiatu cha Fundi.

Mama Mapacha alikuwa ameshaondoka. Kandambili yake moja tu ndiyo iliyobaki.

Fundi aliteleza na ukuta hadi chini. "Nilisahau," alisema.

"Ulisahau nini?" Daftari aliuliza.

"Kuirudisha pini. Nilimbadilishia tairi, nikaweka gurudumu, nikakaza nati. Akaondoka. Jua lilipozama nikawa nakusanya zana, nikaiona imebaki kwenye sinia."

"Jua lilipozama siku ipi?"

Gurudumu lilikuwa bado linazunguka.

"Siku moja kabla," alisema.

Daftari alihesabu, kwa kuwa ndivyo alivyoumbwa. Kutoka jua kuzama hadi saa tisa na dakika kumi ya kesho yake, saa aliyokufa Kobe. "Ulikuwa na usiku mzima na mchana," alisema kwa sauti ndogo. "Kaka alikuwa akikaa mtaa wa pili. Ungepiga hata kelele."

"Alikuwa aende kwa baba yako Ijumaa. Angemwambia asikuoze kwangu. Alinitamkia mwenyewe, amekaa kwenye hiyo tairi, anacheka. Nikasema acha nilale, nitamwambia asubuhi. Asubuhi nikasema mchana." Alifuta uso kwa vidole vilivyofungwa. "Sikumuua, Daftari. Nilinyamaza tu."

"Na ukasema alikuwa anakimbiza," Daftari alisema. "Kobe."

Gurudumu likasimama.

Mganga aliinuka, akaikunja tepu yake. "Dawa yake ni ndogo," alisema. "Kesho asubuhi apande chombo hiki hiki, aende kwa baba wa marehemu, aseme kama alivyosema hapa. Yote. Asipunguze. Akisema yote, aliyekuja ataondoka."

"Akipunguza?" Daftari aliuliza.

Mganga alimtazama kwa muda, kama anayempima bila tepu. "Mwanangu, mwenye hesabu ni wewe."

Jioni ile Fundi alifunga gurudumu la mbele, na kila kitu kilimkubali. Nati ilikaza. Daftari akampa pini kutoka kopo la tisa. Fundi akaipenyeza, akaikunja miguu kwa koleo, na Daftari akatia alama kwenye daftari. Injini iliwaka kwa kiki ya kwanza. Walilala kila mtu upande wake, na nyumba ilikuwa kimya.

Jumapili, saa mbili na dakika arobaini asubuhi, Fundi alitoka uani amevaa koti lake zuri na kofia ya pikipiki. Alikuwa amelala vizuri. Uso wake ulikuwa na rangi tena.

"Nimefikiri," alisema. "Mzee ana presha. Nitamwambia nilisahau pini, na hilo ni kosa, nitapiga magoti. Lakini haya ya sinia, ya usiku, ya Ijumaa, yanamsaidia nini? Yatamuua. Na wewe ukiulizwa, tuseme sawa."

"Bibi alisema usipunguze."

"Bibi ni mshona nguo," alisema, na akatabasamu, tabasamu lile lile la msibani alipopewa pole za kwanza. "Mke wangu. Yaliyopita si ndwele."

Fundi aliisukuma pikipiki hadi getini, akapanda, akapiga kiki. Daftari akainama kuokota sinia la zana lililobaki barazani tangu jana.

Pini ilikuwa katikati ya sinia, peke yake. Imelowa. Miguu imenyooshwa.

Kutoka barazani hadi getini ni hatua kumi na mbili, aliwahi kuzihesabu. Alizitembea zote na pini ndani ya kiganja, ubaridi wake ukimpanda mkononi hadi begani, na harufu ya sabuni ikitembea ubavuni mwake kama mtu anayemsindikiza. Kinywa chake kilikuwa na neno moja: simama. Lilikuwa neno fupi, na injini haikuwa na kelele kiasi cha kulizima.

Fundi alikuwa akivuta mkanda wa kofia. Mkono wake wa kushoto ukashuka wenyewe, ukagonga tangi mara mbili. Ko, ko. Aliutazama mkono ule kama mkono wa mtu mwingine.

"Daftari," alisema, na sauti ilikuwa imepungua. "Kila kitu kimekaa mahali pake?"

Mbele yake barabara ilikwenda sawa kwa nyumba nane, kisha ikaanza kuteremka kuelekea machimbo.

"Nenda polepole," Daftari alimwambia, na akamfungulia geti.

Alisimama hadi mlio ulipopinda kona. Kisha akafunga geti, akarudi barazani, akaitia pini kwenye kopo la tisa na kulifunika. Akafungua daftari, akaandika tarehe na saa: saa mbili na dakika hamsini asubuhi. Akapitia kurasa zote kumi na nane, na chini ya ule wa mwisho akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa maabara: Vimehesabiwa vyote.

Akaweka kalamu chini, akaketi kusubiri.