Mzazi Amepoa

Kila asubuhi Mfupishi alimeza sauti za wakunga elfu sita, akamtemea Bi Raya vijineno vitatu vitatu ukutani. Kimashine kile, ukubwa wake kama kifuniko cha birika, ndicho kilichoendesha Baraza la Wakunga, darasa lao la hewani, kutoka Unguja hadi Tukuyu. Mwanafunzi anasema, mashine inafupisha, mwalimu anajibu. Bi Raya, mmoja wa walimu wake, alijibu maswali mia mbili kwa siku, na Baraza zima likimsifu kwa wepesi wake.

Jumanne likaja swali la Tumpale, mwanafunzi wake wa Tukuyu: *Mzazi amepoa. Nifanyeje?*

Bi Raya akacheka. "Huyu naye! Mtu kapoa, anauliza afanyeje?" Kwao Unguja, mgonjwa akipoa ndiyo kapona. Akajibu, "Alhamdulillahi. Mwache alale," akaenda kwenye swali la pili.

Alipotoka kusali adhuhuri, jina la Tumpale liliwaka tena ukutani: *Mzazi amefariki.*

Akamwamuru Mfupishi afungue sauti nzima ya asubuhi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku moja.

"Shikamoo mama. Samahani nakusumbua. Huyu mama kajifungua, ila damu haikatiki, na amepoa, mama, mikono baridi kama katoka mtoni. Gari la angani la kumpeleka hospitali limekwama kwa ukungu. Nifanyeje?"

Neno "damu" wakunga hulitaja kila siku, kwa hiyo mashine iliona halina uzito, ikaliacha.

"Kosa la mashine hilo, mama," binti yake Salha, aliyekuwa akisikiliza kando yake, alisema.

"Mashine itajuaje kupoa kwetu na kupoa kwao? Mimi nimemsomesha Tumpale miaka miwili. Ningemuuliza tu, 'Kapoaje?' Hilo moja, Salha. Mungu anisamehe."

Akampigia mwanafunzi wake simu ya uso kwa uso. Tumpale alikuwa amekaa sakafuni, kichanga kimefungwa kanga kifuani pake.

"Mwanangu, nisamehe."

"Nilikwambia, mama," Tumpale alisema taratibu. "Mbona nilikwambia yote."

Kichanga kikaanza kulia.

"Mama, anatafuta ziwa. Sijui nimpe..." Tumpale akakatiza, akaanza upya kwa haraka, kwa maneno machache, kama walivyozoeshwa wote.

Bi Raya akamzima Mfupishi. Maswali sabini yaliyokuwa yakingoja yakafutika ukutani.

"Usifupishe, mwanangu," alisema. "Niambie kwa urefu. Nakusikiliza."