Jina Lililoziba Nyuso

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Baba Pacha alishika simu. Hakuwa na haja na habari za dunia. Alitafuta ujumbe wa bibi harusi. Bibi harusi yeyote.

"Kuna mtu?" mkewe aliuliza kutoka jikoni.

"Yupo mmoja. Anauliza kama nauza betri za kamera."

Mama Pacha aliinama akawatenganisha mapacha wao, waliokuwa wakigombania kiatu kimoja huku vingine vitatu vimelala mlangoni.

Baba Pacha alikuwa mpiga picha za harusi. Studio yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba. Humo mlikuwa na pazia jeupe, kiti kisicho na mgongo, na taa mbili za miguu mirefu. Moja ya taa hizo haikuwaka mpaka ipigwe kofi. Zamani wateja walikuja kwa miguu, kwa kuambiana. Siku hizi maharusi walitafuta mpiga picha kwenye simu. Kwa hiyo naye alifungua ukurasa mtandaoni, akaweka picha zake, akakaa kusubiri. Alisubiri hasa. Msimu wa harusi ulikuwa unabisha hodi, na yeye hakuwa na oda hata moja.

Lakini kilichomkosesha raha zaidi ni shemeji yake, kaka wa mkewe. Huyu alisimamia ghala la saruji katika mji wa mbali. Alikuwa amemtafutia kazi huko.

"Kazi nyepesi, shemeji," alimwambia kwenye simu. "Unahesabu mifuko inayoingia, unahesabu inayotoka. Likizo unarudi kuona watoto. Ila mwisho wa mwezi nataka jibu. Ukichelewa, nampa mwingine."

Unarudi kuona watoto! Kama mgeni! Baba Pacha aliposikia hivyo alimtazama mkewe apate kusoma uso wake. Mama Pacha hakumwambia aende wala hakumwambia abaki. Alikunja nguo tu. Ukimya ule ulimwogopesha Baba Pacha kuliko ghala lenyewe.

Siku moja kabla ya adhuhuri, mlango ulisukumwa bila hodi. Aliingia jirani yao, Mama Keki, unga mikononi hadi kwenye viwiko. Mwanamke huyu aliuza keki za harusi, na oda zake nyingi zilitoka mtandaoni.

"Baba Pacha, nimekutafutia mteja, nawe umemfukuza!"

"Mimi? Mteja gani? Leo sijaona mtu hapa."

"Ndiyo hivyo. Umemfukuza hata hujamwona." Mama Keki alivuta kile kiti akaketi. "Binti amekuja kuagiza keki. Nikamsifia kazi yako mpaka mate yakanikauka. Akafungua ukurasa wako palepale mbele yangu. Unajua kaniuliza nini? 'Mama, hawa watu wamefanya kosa gani mpaka wakafutwa nyuso?'"

Mama Pacha alitoka jikoni. Baba Pacha alihisi masikio yanapata moto.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Kulikuwa na mpiga picha mmoja upande wa pili wa mji. Mtu huyo aliwahi kuchukua picha ya Baba Pacha akaiweka kwenye ukurasa wake kana kwamba ni yake. Watu wakampongeza. Baba Pacha alikasirika, akaapa haibiwi tena. Tangu hapo, kila picha aliyoiweka aliiandika jina lake na namba ya simu, kwa wino mwekundu, herufi kubwa, kutoka sikio la bibi harusi hadi sikio la bwana harusi.

"Nalinda mali yangu," alijitetea.

"Umeilinda, hongera. Mwizi ameshindwa. Na mteja naye ameshindwa. Mtu anataka kuona uso, wewe unamwonyesha namba ya simu."

"Sasa nikiziacha wazi wakaziiba?"

"Jina liandike dogo, pembeni, chini. Halafu usiweke picha moja moja. Weka picha kadhaa za harusi ileile, tangu asubuhi mpaka jioni. Mwizi akichukua moja, mteja atamwambia nionyeshe nyingine za siku hiyo. Atazitoa wapi? Zile halisi unazo wewe, kwenye kamera. Na akizidi, wenye mtandao wana sehemu ya kumshtaki. Unawaonyesha zako, wanaitoa yake."

Mama Keki alitoa simu, akaanza kupitia ukurasa ule kwa kidole chenye unga.

"Na hili nalo. Hapa harusi. Hapa mtu wa pasipoti, amekasirika. Hapa... Baba Pacha, hili ni jeneza?"

"Na misiba napiga pia. Nimeandika 'picha za aina zote.'"

"Jamani! Binti wa watu anatafuta furaha yake, anashuka kidogo, anakutana na jeneza!"

Mama Pacha aliangua kicheko mpaka akashika ukuta. Baba Pacha hakukumbuka alimsikia akicheka hivyo lini mara ya mwisho. Alitaka kukasirika, akashindwa.

"Hata mimi nilianza hivyo," Mama Keki alisema, sauti ikiwa imeshuka. "Niliweka mikate, biskuti, keki, kila kitu. Watu wakapita tu. Nilipobaki na keki za harusi peke yake ndipo wakanijua kwa kitu kimoja. Hebu washa kompyuta. Nataka kuona picha zako kabla hujaziharibu."

Baba Pacha aliwasha. Alimwonyesha alizoziona bora: pete juu ya maua, keki ya ghorofa tatu, maharusi wameruka hewani. Mama Keki alipiga miayo bila kujificha.

"Hizi ni nzuri. Lakini kila mpiga picha anazo. Mimi nafanya kazi nao wote, nimechoka kuwaona maharusi hewani. Hizo unazozipita mbiombio ni zipi?"

"Hizi ni makombo. Zilizobaki."

"Rudi nyuma."

Alirudi. Kwenye kioo alitokea mzee mwembamba, amekaa ukingoni mwa kitanda. Miwani ilikuwa imemshukia puani. Alikuwa akihangaika na kifungo cha mkono wa shati, ulimi umetokeza kidogo kama mtoto anayejifunza kuandika. Hakujua kama anatazamwa. Ubao wa mlango ulikuwa umeingia kwenye picha.

"Huyu nani?"

"Baba wa bibi harusi mmoja. Niliiacha. Mlango umeziba, halafu mzee mwenyewe hatabasamu."

Mama Keki akaomba nyingine. Akaona mama wa bwana harusi amevua viatu chini ya meza. Akaona shangazi amelala kitini, zawadi imemkalia mapajani.

"Unazipataje hizi?"

Baba Pacha aliona haya. "Mimi naogopa kelele. Kwa hiyo nafika mapema, nyumba ikiwa bado imetulia. Asubuhi hakuna anayenishughulikia."

"Basi hiyo ndiyo biashara yako! Wenzako wote wanamwonyesha bibi harusi. Wewe unawaonyesha na waliomlea. Anza na huyu mzee. Ila uliza wenyewe kwanza."

"Si nimepiga mimi?"

"Umepiga wewe, uso ni wao. Mtu haanikwi mtandaoni bila kukubali. Piga simu."

Baba Pacha alipiga. Yule bibi harusi wa siku ile alipokea kwa uchangamfu.

"Samahani dada, nina picha moja ya mzee. Nilitaka kuomba..."

Sauti ya upande wa pili ilishuka.

"Baba alifariki," alisema. "Muda si mrefu baada ya harusi."

"Pole sana, dada. Sikujua."

"Ni picha gani? Mbona albamu yote naijua?"

"Haikuwa kwenye albamu. Anafunga kifungo cha shati."

"Ulikuwa nayo siku zote hizi?"

"Nilidhani haikutoka vizuri."

"Na nani alikutuma unichagulie?"

Simu ikakatwa.

Baba Pacha alimtumia picha ile hivyo hivyo, bila jina juu yake. Ikaonekana imesomwa. Jibu halikuja. Alizunguka chumbani, akaipiga taa kofi bila sababu, akakaa, akainuka. Aliona tayari yule dada akimtangaza mtandaoni, kwamba huyu mpiga picha huwafichia watu wazazi wao. Jioni shemeji naye akapiga. Kesho kutwa ndiyo mwisho, alisema, lori la ghala litakalomchukua linaondoka. Baba Pacha akajibu kwamba ataenda tu. Alipoweka simu chini, Mama Pacha aliacha kukunja nguo, akaingia chumbani akafunga mlango.

Kesho yake asubuhi hodi ilibishwa. Mlangoni alisimama yule dada, na nyuma yake mama yake.

"Tumekuja kuiona kubwa," dada alisema. Uso wake haukuwa na dalili ya lolote.

Baba Pacha akawasha kompyuta. Mama yule alisogea mpaka pua ikakaribia kioo. Alitazama muda mrefu.

"Kifungo kile," alisema hatimaye. "Aliniita nimfungie. Aliniita na kuniita. Nikamwambia, mzee, huoni nina kazi?" Akajifuta macho kwa upindo wa nguo. "Kumbe alikuwa anahangaika hivi."

Binti alimshika bega.

"Nisamehe, mama," Baba Pacha alisema. "Ilikuwa haki yenu. Niliitupa kwa sababu ya mlango."

"Usingekuwa mlangoni usingemwona," mama alijibu. "Iweke. Watu wamwone alivyokuwa."

"Usiandike jina lake, wala usitaje nyumba yetu," binti aliongeza. "Maneno nitaandika mimi."

Baba Pacha aliwachapia picha ile kubwa, akaifunga vizuri, akawasindikiza mpaka barabarani. Jina lake mwenyewe alilipunguza likawa dogo kama sisimizi, akaliweka pembeni. Chini ya picha binti aliandika: "Siku ya harusi yangu sikumwona baba asubuhi hiyo. Mpiga picha alimwona kwa niaba yangu."

Siku ileile Baba Pacha alifuta kazi nzima ya wino mwekundu. Picha za pasipoti na misiba zikapata kibao chao pale mlangoni, ukurasa ukabaki wa harusi peke yake. Picha za kila harusi aliziombea ruhusa kwa wenyewe kwanza. Wawili walikataa, akawashukuru, akaziacha. Waliokubali aliwaomba waandike wenyewe neno moja au mawili. Juu kabisa aliandika mji wake, kazi yake, bei inaanzia wapi, na maneno haya: "Nafika mapema, nyumba ikiwa bado imetulia." Mama Keki alimwonya jambo moja zaidi: ujumbe ukiingia leo, ujibiwe leo, tena kwa maelezo kamili. Habari ya "njoo ofisini tuongee" aiache.

Lakini mtandao haukulipuka papo hapo. Siku ya lori ilifika na simu imelala kimya. Begi lilikuwa mlangoni. Mama Pacha alikuwa akifunga zipu yake, na mara akaiachia.

"Usiende," alisema.

"Mbona hukusema siku zote?"

"Niliogopa. Ningesema ubaki, halafu wateja wasije, ungenilaumu. Sasa nasema. Tubaki sote, tuhangaike sote."

Baba Pacha alimpigia shemeji palepale kabla ujasiri haujamtoka. "Shemeji, asante sana. Ila mifuko yako itafutie mtu mwingine." Shemeji alinung'unika, lakini hakununa.

Jumapili ujumbe uliingia. Baba Pacha aliusoma kwa sauti, na mkewe akasogea kusikia. "Baba yangu hapendi kupigwa picha. Unaweza kufika mapema, kabla hajajua?" Kabla ya wiki kuisha wakaja wengine, na yule binti wa keki akarudi mwenyewe. "Sasa naona wana nyuso," aliandika. Msimu ulipoanza, Mama Pacha ndiye aliyekuwa akijibu ujumbe, maana mumewe alikuwa kazini.

Harusi ya kwanza ilikuwa ya binti wa yule baba asiyependa picha. Baba Pacha alifika jua likiwa changa. Mlango wa chumba ulikuwa wazi kidogo. Ndani, baba wa bibi harusi alisimama mbele ya kioo, anapigana na tai. Aliifunga, ikapinda, akaifungua, akaguna. Baba Pacha alipiga picha moja taratibu.

Kisha akaishusha kamera, akaenda jikoni. Mke wa mzee yule alikuwa anakoroga supu, jasho likimtiririka.

"Mama, mzee anahangaika na tai."

"Mwambie asubiri. Huoni nina kazi?"

Baba Pacha alinyoosha mkono akachukua mwiko.

"Nenda, mama. Supu nitaikoroga mimi."

Yule mama alimtazama kwa mshangao, akafuta mikono, akaenda. Chumbani ikasikika sauti ya mzee ikilalamika, kisha wote wawili wakicheka. Ilikuwa picha nzuri sana, pengine nzuri kuliko zote za siku ile, na Baba Pacha hakuipiga. Alibaki jikoni, kamera shingoni, akikoroga supu isiungue.